Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Asali ya Tabora na Masoko ya Nje, 2025

Ndugu wajumbe, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika kutoka vikundi vya Sikonge, Uyui na Urambo, mwangaluka.

Hesabu za fedha atawasomea mhazini, na wanachama wapya watatambulishwa mchana. Muda wangu nautumia kwa swali mlilonipigia simu kuniuliza tangu Oktoba: "Mwenyekiti, Marekani wamefunga soko, asali yetu itakwenda wapi?"

Mlichosikia redioni ni kweli. Mpango wa AGOA, ulioanzishwa kwa sheria aliyoisaini Rais Bill Clinton Mei 2000, uliziruhusu nchi nyingi za Afrika kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Mwaka 2015 uliongezewa miaka kumi, na muda huo ukaisha tarehe 30 Septemba 2025. Mpaka mwaka unafungwa, hapakuwa na sheria mpya. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, bidhaa zetu nyingi zilikuwa zimeshawekewa ushuru wa nyongeza wa asilimia 10. Kwa viwanda vya nguo hilo ni pigo zito, na kina dada wanaoshona huko wana haki ya kulia.

Sisi wa asali tupige hesabu yetu wenyewe. Ushuru wa kawaida wa asali Marekani ni senti 1.9 za dola kwa kilo. Tani nzima ni dola 19. Msamaha huo ndio tuliokuwa tukipewa na AGOA, na ni mdogo mno kumfanya mnunuzi aje mpaka Tabora.

Soko lenye msamaha mnono ni Ulaya. Kule asali ya kigeni hutozwa asilimia 17.3, yaani mzigo wa euro 1,000 unalipiwa euro 173. Tanzania hailipi kitu, kwa sababu tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, ambazo Umoja wa Ulaya uliziondolea ushuru na ukomo wa kiasi tangu mwaka 2001 kwa bidhaa zote isipokuwa silaha. Asali haina hata shida ya kuthibitisha asili yake: nyuki ni wa hapa, miyombo na mitundu wanayochuma ni ya hapa. Mzigo usiozidi euro 6,000 unahitaji tamko la msafirishaji tu kwenye ankara. Ukizidi hapo, lazima awe amesajiliwa.

Kwa hiyo ushuru haututoi jasho. Kinachotukwamisha nilikiona kwa macho yangu mwezi Juni, kwenye ghala letu.

Mnunuzi alikuja na kipimo kidogo cha maji ya asali, kinachoenea kiganjani. Alidondosha tone moja la asali juu ya kioo, akafunika, akakielekeza dirishani na kuchungulia. Ndoo ya kwanza 18. Ya pili 19. Ya tatu akanyamaza, akanipa nami nichungulie: mstari ulikuwa umesimama kwenye 23. Sheria ya Ulaya inataka maji yasizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha njiani. Ndoo ile ilikuwa ya mzee aliyeanza kutundika mizinga kabla sijazaliwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mjukuu alikuwa anasubiri mahitaji ya shule, akarina masega ambayo nyuki walikuwa bado hawajayaziba. Sikuwa na la kumlaumu. Lakini asali nyingine kama ile ilikuwa imeshamiminwa kwenye mapipa pamoja na ya wenzake, na shehena yote ikakataliwa. Mnunuzi aliondoka bila hata kuchangia gharama za gari. Hasara ile tumeibeba wote, na kosa la kumimina kabla ya kupima ni la kamati yangu.

Tangu Agosti chama kina kipimo chake, na hakuna ndoo inayofunguliwa ghalani bila kupimwa mbele ya mwenyewe. Nawasihi pia msiichemshe asali ili kukausha maji. Maabara hulibaini hilo mara moja.

Jambo la pili ni dawa za mashambani. Wengi wetu tunalima tumbaku, mimi nikiwamo. Tanzania imeruhusiwa kupeleka asali Ulaya kwa sharti la kuwa na mpango wa kupima mabaki ya dawa, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Mizinga iliyo jirani na tumbaku ihamishiwe msituni kabla ya msimu ujao. Na tuache kabisa mizinga ya magome: mti ukishachunwa gome kuzunguka shina lote unakufa, na huo mti ndio malisho ya nyuki wetu.

Kwa nini nawahimiza sasa? Kuanzia tarehe 14 Juni 2026, chupa ya asali iliyochanganywa inayouzwa Ulaya itatakiwa kutaja nchi asali ilikotoka na asilimia ya kila nchi. Kwa miaka mingi asali yetu ilimezwa humo chini ya maneno "mchanganyiko wa asali za nje ya Umoja wa Ulaya". Sasa jina la Tanzania litasomwa na mlaji. Nimelisubiri jambo hili muda mrefu.

Tena msamaha wenyewe hautadumu milele. Kenya wana mkataba wao na Ulaya, unaotumika tangu tarehe 1 Julai 2024. Sisi tunategemea kuwa kwenye kundi lile, na katika tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 Tanzania ilitimiza vigezo vya kuhitimu, yaani kutoka kwenye kundi hilo, kwa mara ya kwanza. Tathmini nyingine ni 2027. Hata tukihitimu, Ulaya hutoa miaka mitatu ya mpito, lakini miaka ya kujipanga inahesabika.

Kamati inaleta hoja moja. Asali yenye maji yasiyozidi asilimia 19 ilipwe bei ya juu, na mwanachama mwenye shida akopeshwe kutoka mfuko wa chama kati ya Machi na Mei, ili asirine masega mabichi. Naomba muijadili na kuipigia kura kabla ya chakula.

Mwenyekiti
Tabora