Wanangu mnaoendesha makundi ya tiba, acheni kimya kifanye kazi

Wanangu mliopata mafunzo ya kuendesha makundi ya afya ya akili hapa Moshi,

Juzi nilialikwa kuketi pembeni kwenye kundi moja, mimi muuguzi wa akili niliyestaafu. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujaisha.

Walikuwa watu tisa, viti safu safu kama kanisani. Mzee mmoja aliyefiwa (habari zake nimezibadili asitambulike) alikuwa amevua kofia, anaizungusha magotini. Akasema, "Tangu siku ile, shambani sijakanyaga." Akanyamaza. Mama aliyekaa jirani yake akamgeukia, midomo inamcheza, anataka kusema naye. Kabla hajatoa neno, mwendeshaji akadakia: "Pole baba, jikaze, Mungu yupo. Sasa tuangalie hatua za maombolezo." Akageukia ubao. Mzee akavaa kofia yake, hakusema tena mpaka mwisho.

Wanangu, yule mama alikuwa na dawa kuliko ubao wenu! Kama ni maneno yenu tu, kuwakusanya watu kwa nini? Kwenye msiba mnajua kukaa mkekani na mfiwa saa nzima bila neno. Mbona mkivaa beji mnasahau? Mtu akinyamaza, hesabuni kimoyomoyo hadi thelathini. Tazameni nani amevuta pumzi, nani amefuta jicho na pembe ya kanga. Kisha semeni tu: "Mama, nimeona umemgeukia baba." Mkomee hapo.

Uganda, kwenye vijiji vya Rakai na Masaka, utafiti uliochapishwa 2003 ulitumia wenyeji wa kawaida waliofundishwa wiki mbili kuendesha makundi. Walikutana na wagonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, na sonona ikapungua sana. Wanakundi walisaidiana wenyewe kutafuta njia.

Mengine mnayajua: viti duara, watu wasizidi kumi, waendeshaji wawili, simu zizimwe, muda uheshimiwe, kila mtu aonwe peke yake kabla ya kuingia.

Siri, hiyo siipiti haraka. Mji wetu ni mdogo, neno la asubuhi jioni liko kwenye pombe ya mbege. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Anayethubutu kulitamka hilo kundini amewakabidhi maisha yake. Siku ya kwanza mwambieni wazi kitakachobaki humo ndani, na kwamba uhai ukiwa hatarini mtaita msaada.

Nanyi mnaoandaa mafunzo: siku tatu hotelini, posho, picha ya pamoja, cheti, halafu mnamwachia kijana watu tisa wenye majeraha. Mnamwonea yeye na wao. Akae kwanza kundini kama mshiriki, kisha amsaidie mzoefu, kisha aongoze mzoefu akiwepo, na kila kikao wakijadili baadaye.

Yule mzee mfuateni kabla ya kikao kijacho. Akija, mwekeni karibu na yule mama.

Mama yenu,
Moshi