Diski zipimwe kabla ya kuagizwa nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea ya kuagiza diski mpya kila kazi za usiku zinapochelewa katika kompyuta za biashara za ukubwa wa kati, hasa zile za ukoo wa AS/400 uliotangazwa na IBM mwaka 1988.

Amri ya WRKDSKSTS huonyesha kila diski imeshughulika kwa asilimia ngapi, lakini wengi huichungulia mara moja, wakaona tarakimu na kutoa hukumu papo hapo. Tarakimu hizo ni za kipindi kilichopimwa. Ni lazima uzianze upya kwa F10 wakati kazi imepamba moto, usubiri dakika tano hivi, ndipo ubonyeze F5. Ukikuta diski moja inahema huku jirani zake zimelala, tatizo ni mgawanyo wa data, wala si uhaba wa diski.

Hata diski zote zikiwa na shughuli nyingi, bado ningeziuliza programu kwanza. Nimewahi kushughulikia programu ya ripoti iliyosoma rekodi milioni 2 kwa mfululizo bila kubadilisha hata moja, ilhali mwandishi wake aliifungua faili kwa ajili ya kusasisha, labda kwa kunakili programu ya zamani. Faili ikifunguliwa hivyo, mfumo haukabidhi rekodi kwa mafungu. Huitoa moja moja na kuifungia wengine. Chaguo la 14 la DSPJOB, amri ya kuonyesha hali ya kazi inayoendelea, linaloorodhesha faili zilizofunguliwa, lilionyesha hesabu ya usomaji inayokaribia idadi ya rekodi zenyewe. Tulipoifungua faili kwa kusoma tu na kuweka SEQONLY(*YES 100), yaani rekodi mia kwa kila fungu, katika amri ya OVRDBF inayobadilisha namna programu inavyoitumia faili, hesabu ilishuka hadi 20,000 hivi, na muda wa ripoti ukapungua kwa zaidi ya nusu bila kununua chochote.

Katika kuandika, hata hivyo, mafungu yanataka uangalifu. Rekodi mpya hukaa ndani ya programu mpaka fungu lijae, kwa hiyo kazi nyingine haizioni, na kosa la ufunguo (thamani inayotambulisha rekodi) uliojirudia hujitokeza baada ya programu kusonga mbele kwa rekodi kadhaa. Faili ya maagizo ambayo karani wa pili anaisubiri kwenye skrini yake isiandikwe kwa njia hiyo, hata kama ndiyo inayochelewesha kazi.

Ni mimi,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta