Barua kwa mwanangu: pumzi kabla ya kushuka na chuma

Mwanangu,

Chuma unachobeba mgongoni ukichuchumaa sasa ni kizito kweli, na miguu yako inakiweza. Kinachokuangusha ni kiwiliwili kulegea ukiwa chini, na kinalegea kwa sababu pumzi imeingia vibaya au imetoka mapema. Hilo ndilo ninalotaka ulirekebishe kabla hujaongeza hata kilo moja.

Ukivuta hewa vizuri, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka na kubana vilivyomo tumboni. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, mbele na kando kuna misuli ya tumbo, nyuma kuna ya mgongo. Kuta zote zikikaza kwa pamoja na koo likafungwa, shinikizo hupanda na uti wa mgongo hupata mhimili kila upande. Mbinu hii huitwa Valsalva, kwa jina la tabibu wa Italia, Antonio Maria Valsalva, aliyeieleza mwaka 1704 katika kitabu kuhusu sikio. Wanyanyua vyuma wanaitumia kwa kazi nyingine kabisa.

Jifunze kwanza bila chuma. Shika kiuno, vidole gumba nyuma, vingine mbele, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Vuta hewa mpaka mikono isukumwe nje mbele, kando na nyuma. Mabega yakipanda na tumbo likanywea, hewa imeishia kifuani na haitakusaidia kitu. Sasa kohoa kidogo: misuli inayoshtuka chini ya vidole ndiyo ya kukaza, na uikaze kuelekea nje. Usivute kitovu ndani. Usijaze mapafu hadi pomoni pia. Robo tatu hivi inatosha, maana ukizidisha mbavu zinafunuka na kiuno kinabonyea ndani, na hapo tumbo halikazi tena sawasawa.

Kwenye raki, ile fremu inayoshikilia chuma, mgongo wa juu hutangulia. Bana mabapa ya mabega, vuta chuma chini kikukae barabara kwenye misuli, viwiko viwe chini yake. Ndipo uvute pumzi. Ukianza na pumzi kisha ukabana mabega, kifua kinainuka na tumbo linaachia. Toa chuma rakini ukiwa umekaza, rudi nyuma hatua mbili au tatu, zisizidi. Kanyaga kwa kisigino, shina la dole gumba na shina la kidole cha mwisho. Subiri chuma kiache kuyumba, achia hewa kidogo, vuta upya, kaza, shuka.

Pumzi hiyo usiiguse mpaka uwe unapanda. Wengi huhema wakifika chini, mahali ambapo shinikizo linahitajika kuliko popote: tumbo linalegea, makalio yanapanda peke yake, kifua kinaanguka mbele, na mzigo wote unahamia kiunoni. Watu husema miguu imeshindwa, kumbe ni hewa iliyotoroka. Ukishavuka ile sehemu ngumu, kwa kawaida mapaja yakiwa juu kidogo ya usawa wa sakafu, unaweza kuachia kiasi kidogo kati ya meno, “sss”, bila kulegeza tumbo. Nyingine itoke ukiwa umesimama wima, na hata hapo usimalize yote, kwa sababu chuma bado kiko mgongoni.

Kila rudio, yaani kushuka na kupanda mara moja, lina pumzi yake. Katika seti ya marudio 5, yale ya mwanzo yanatosheka na pumzi moja juu. Mawili ya mwisho unaweza kuhema mara mbili tatu kwanza. Ukisimama unahema mara nane, mzigo unakuchosha bure.

Mkanda haukazi badala yako. Unalipatia tumbo ukuta wa kusukuma, basi. Ufunge kati ya mbavu na nyonga, kiasi cha kidole kimoja kupita kwa shida. Ukifunga kupita hapo, hewa haishuki. Seti za kupasha mwili fanya bila mkanda.

Ujue pia kwamba kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha presha ya damu sana. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliipima ndani ya mishipa ya wanyanyua vyuma waliokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu, wakapata wastani wa 320 kwa 250. Kwa mtu mzima wa afya hupanda na kushuka upesi, lakini ukiona kizunguzungu rudisha chuma rakini, ushike raki, usitembee. Nondo za usalama, zile za raki zinazodaka chuma kikianguka, ziwe chini kidogo ya mwisho wa kushuka kwako. Mwenye presha, ngiri au presha ya macho amwone daktari kwanza, na hilo linakuhusu wewe pia siku ukiambiwa unayo.

Mazoezi yajayo anza na chuma kitupu cha kilo 20, seti 2 za marudio 5, ukitua sekunde 2 chini huku pumzi imebanwa. Kisha panda kwa uzito wa kawaida, na simu ikurekodi kutoka ubavuni, kwenye usawa wa nyonga. Tazama kiuno wakati wa kugeuka kutoka chini: kikijikunja au makalio yakitangulia, punguza kilo 10 uanze pale. Nitumie video hizo, za seti nzito hasa.

Mama yako