Sauti yako iwe peke yake

Mwembetanga, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sie huku wazima, watoto hawajambo, na mama kila siku ananiuliza habari zako. Wimbo wako uliojirekodia nyumbani nimeupata juzi. Nimeusikiliza mara tatu, na pale kwenye ubeti wa pili, unapoivuta sauti kisha ukaishusha taratibu, machozi yalinitoka. Kwa hivyo haya nitakayokwambia si ya uimbaji. Tabu iko kwenye nyaya.

Muziki unasikika mara mbili. Wa kwanza msafi, wa pili unafuata nyuma kama mtu anayeitikia kutoka uani, na sauti yako imekwama katikati. Nilitaka niupunguze ule muziki, sikuweza, maana umeshagandana na sauti; ukishusha kimoja vinashuka vyote. Ndiyo yaliyonikuta mie nilipomrekodia ndugu yangu wimbo wa harusi. Usiku mzima ulipotea, ikabidi aimbe upya na koo limeshamkauka.

Chanzo chake hiki. Muziki aliokupigia yule mtu wa kinanda wa Chake Chake umo kwenye laptopu. Laptopu inautoa kwa waya wa USB, unaingia kwenye miksa, kile kisanduku cha kuchanganyia sauti, ili uusikie. Maiki nayo imechomekwa kwenye miksa hiyo hiyo. Basi miksa hizi ndogo, nyingi zake hazichagui: chochote kinachopita ndani zinakirudisha kwenye kompyuta, sauti yako pamoja na muziki uliotoka huko huko. Tazama karibu na kitufe cha hedifoni. Huenda ukaona swichi ya kuamua muziki wa kompyuta uende wapi, kwenye hedifoni tu au uchanganyike na vyote. Iweke kwenye hedifoni tu. Ikiwa miksa yako haina swichi hiyo, chomeka hedifoni kwenye laptopu yenyewe, kisha ndani ya Audacity, ile programu ya kurekodia, chagua miksa kwa kurekodia na laptopu kwa kusikilizia. Programu inakuruhusu kuchagua viwili hivyo mbalimbali. Hapo muziki haukanyagi kwenye miksa hata kidogo. Na spika uzime kabisa, shoga yangu, hata ile ndogo ya dirishani. Maiki haijui kwamba muziki wa spika haukukusudiwa yeye.

Kwa njia hii ya pili hutojisikia masikioni. Sogeza kikombe kimoja cha hedifoni nyuma ya sikio, lakini kibane kichwani, kisiachwe wazi kikavujisha muziki.

Ukisharekodi unaweza kuona sauti imechelewa nyuma ya muziki. Usidhani umepoteza mapigo. Kompyuta inachukua muda kidogo kuingiza na kutoa sauti, na Audacity hujaribu kuusawazisha muda huo kwa kipimo chake, ambacho huanzia milisekunde -130. Lakini kila kompyuta ina tabia zake. Mie nilipima hivi: niliweka mlio wa tik-tik kwenye treki moja, nikabana hedifoni kwenye maiki, nikaurekodi mlio ule ule kwenye treki ya pili. Nilipoivuta picha ya mawimbi ya sauti ikawa kubwa niliona wa pili umechelewa milisekunde 40, nikabadilisha kipimo kuwa -170. Tokea siku hiyo ndugu yangu na kinanda wanakwenda sambamba.

Umeniuliza kuhusu kununua maiki ya kondensa. Mie kwa ushauri wangu, usinunue bado. Ile inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, na inasikia kila kitu: jogoo, bodaboda, sufuria za jirani. Hiyo maiki ya kawaida ya mkononi uliyonayo inakufaa zaidi kwa nyumba iliyo ukingoni mwa barabara. Ila waya wake uwe wa pini tatu kutoka maiki mpaka miksa. Mie niliwahi kuuziwa waya wenye plagi ndogo ya kuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu, sauti ikatoka hafifu na mlio wa nyuki juu yake.

Gaini, kile kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki, usiipandishe mpaka mwisho. Imba pale unapopaza sauti kuliko pote, na hapo mstari wa kipimo cha sauti uishie baina ya desibeli -12 na -6. Ukigusa sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Kwenye kile kilele chako cha ubeti wa mwisho rudi nyuma kidogo.

Rekodi baada ya Isha, watu wametulia. Zima pangaboi, chomoa jokofu (weka ufunguo wa mlango juu yake ili usisahau kulichomeka tena), simamisha godoro nyuma yako na utundike mablanketi ukutani. Jasho litakutoka, vumilia.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mwimbaji na wapigaji walirekodiwa pamoja kwenye santuri moja. Akikosea mmoja, wanaanza wote. Wewe ukikosea mstari unaurudia huo huo mmoja, muziki haujaguswa. Ndiyo maana nakusihi sauti yako iwe peke yake, bila hata chembe ya kinanda.

Ukimaliza toa faili la WAV (lile lisilobanwa) la sauti tupu, lianze tokea mwanzo wa muziki hata kama hapo hujaanza kuimba, ili nikiliweka huku lijipange lenyewe. Usilitume kama sauti ya WhatsApp, linabanwa na kupoteza uzuri. Tia kwenye flashi umpe mtu wa boti, unijulishe siku, nitakuja mwenyewe kuipokea bandarini Malindi.

Wasalimie wote Wete.

Shoga yako