Zuhura, asilimia hizo tano usizihesabu kama pesa

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera. Jina la tatu kwenye filamu ya studio ya Marekani si jambo la mchezo.

Umeuliza kama ukubali anavyopendekeza wakala wako: upunguze malipo ya mkupuo, kisha upewe asilimia 5 ya faida halisi ya filamu. Usikubali. Wakikupa asilimia hizo juu ya malipo yako kamili, zipokee, hazina madhara. Ukizinunua kwa kukatwa hata dola moja, umenunua mbuzi kwenye gunia.

Usidhani kuna mtu chumbani anaficha daftari la pili. Hilo hutokea, lakini si ndilo linalowanyima waigizaji pesa zao. Kinachowanyima kimeandikwa waziwazi kwenye kiambatisho cha mkataba, kile chenye maandishi madogo ambacho mara nyingi ni kirefu kuliko mkataba wenyewe. Humo ndimo "faida halisi" inapopewa maana, na maana hiyo haifanani na faida anayoijua mhasibu yeyote. Ukishatia saini, studio haihitaji kuiba, inafuata tu mlichokubaliana.

Tuchukue filamu ya mfano. Imetengenezwa kwa dola milioni 40, na kumbi za sinema duniani zimeuza tiketi za milioni 200. Kumbi hubaki na karibu nusu, kwa hiyo studio inapokea milioni 100. Televisheni zinalipa milioni 40, na video za kutazama nyumbani zinaingiza milioni 50. Jumla ni milioni 190.

Sasa angalia taarifa ya hesabu utakayotumiwa wewe. Kwenye video hutaona milioni 50, utaona milioni 10. Mkataba unasema video huhesabiwa kwa mrabaha, yaani sehemu tu ya mauzo, wa asilimia 20, na milioni 40 zilizobaki ni za kampuni ya video, ambayo ni ya studio hiyohiyo. Utaratibu huu ulizaliwa enzi za kaseti, biashara ilipokuwa mpya na kutengeneza nakala kulikuwa ghali. Kaseti zilikufa, asilimia 20 ikabaki. Kwa hiyo mapato ghafi, yaani kabla ya kukatwa gharama, kwa maana ya mkataba wako ni milioni 150.

Kinachotangulia kukatwa ni ada ya usambazaji. Kwa kawaida ni asilimia 30 kwa mapato ya Marekani na Kanada, na huweza kufika 40 kwa nchi nyingine. Tuseme mapato yamegawanyika nusu kwa nusu: milioni 22.5 na milioni 30, jumla 52.5. Ada hii hailipii kitu chochote. Gharama halisi za kusambaza zinakuja kukatwa kivyake, kwenye mstari unaofuata. Hii ni faida ya studio iliyovaa kanzu ya gharama, na ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote. Zimebaki milioni 97.5.

Kisha matangazo milioni 50, nakala, sauti za lugha nyingine na usafirishaji milioni 5. Juu ya matangazo inaongezwa asilimia 10 kwa ajili ya idara ya matangazo ya studio, yaani milioni 5 nyingine. Zimebaki 37.5.

Mwisho ni gharama za kutengeneza, milioni 40. Nyota mkuu, ambaye wakili wake alimpatia sehemu ya mapato ghafi badala ya faida, ameshachukua milioni 10, na hizo zinaandikwa kama gharama ya kutengeneza pia. Juu ya milioni 50 hizo studio inapiga asilimia 15 ya gharama zake za ofisi: milioni 7.5, hata kama filamu ilipigwa mbali na haikugusa jengo lao lolote. Riba ya pesa za kutengeneza, tuseme milioni 6. Jumla ni 63.5. Ukitoa kwenye 37.5, filamu imekula hasara ya milioni 26.

Na pesa taslimu zilizobaki benki je? Studio ilitoa 40 za kutengeneza, 10 za nyota, 50 za matangazo, 5 za nakala, na tuseme 10 za kutengeneza diski za video: milioni 115. Iliingiza 190. Zimebaki milioni 75. Hata ukitoa riba ya kweli na mishahara ya watu wa ofisini, hiyo si filamu ya hasara. Wewe asilimia 5 yako ni sifuri.

Riba nayo ina ujanja wake. Mikataba mingi huiweka juu ya kiwango cha benki, mara nyingi asilimia 125 ya kiwango cha msingi, kile ambacho benki huwatoza wateja wake bora. Inatozwa pia juu ya zile asilimia 15 za ofisi, pesa ambazo hakuna aliyezikopa wala kuzitoa. Na mpangilio wa kukata ndio unaoumiza zaidi: kila dola inayoingia hulipa ada kwanza, kisha gharama za usambazaji, kisha riba, na ndipo ipunguze deni la kutengeneza. Deni linakaa muda mrefu likizaa riba, ilhali studio imeshatia mfukoni mamilioni ya ada.

Ndiyo maana shimo la milioni 26 halizibwi na milioni 26. Kila dola mpya inapoteza senti 30 hadi 40 mlangoni. Kwa wastani wa ada ya asilimia 35, zinahitajika milioni 40 mpya, na hapo hatujahesabu riba inayoendelea kutembea wala tangazo jipya litakaloambatana na mauzo hayo. Watu hushangaa filamu inavyozidi kuuza huku deni halipungui. Hakuna muujiza hapo.

Usinione nimetia chumvi. Mwaka 2010 ilivuja taarifa ya hesabu ya Harry Potter and the Order of the Phoenix. Filamu ilikuwa imeuza tiketi za zaidi ya dola milioni 900 duniani, lakini taarifa ilionyesha hasara ya milioni 167. Ada ya usambazaji peke yake ilizidi milioni 200, na riba ilizidi 50. David Prowse, aliyevaa vazi la Darth Vader, adui mkuu wa filamu za Star Wars, alisema hadharani kwamba miaka mingi baada ya Return of the Jedi, mojawapo ya filamu hizo, bado alikuwa akipokea barua za kumweleza kuwa filamu haijaingia kwenye faida.

Kesi ambayo wakili wako lazima aijue ni ya mwandishi Art Buchwald dhidi ya studio ya Paramount, aliyedai kuwa filamu ya Coming to America ilitokana na wazo lake. Mwaka 1990 hakimu alisema vipengele kadhaa vya fomula ya faida halisi ni vya ukandamizaji kiasi kwamba havistahili kutekelezwa. Ushindi mkubwa kwenye magazeti, lakini mwisho wake Buchwald alipewa dola 150,000 na mtayarishaji mwenzake 750,000, kwa filamu iliyoingiza mamia ya mamilioni. Eddie Murphy, nyota wa filamu hiyo, alizibeza asilimia za faida halisi kama pointi za nyani. Yeye alikuwa akila kwenye mapato ghafi. Studio nazo zilijifunza jambo moja: zikaacha kuandika "faida", zikaanza kuandika "mapato yaliyoainishwa" na majina mengine ya aina hiyo, ili kesho asiwepo mtu wa kudai aliahidiwa faida. Angalia mkataba wako. Nakuhakikishia neno lenyewe halimo au limefungwa kwa alama za kunukuu.

Kwenye televisheni mchezo ni mwingine: kampuni inajiuzia yenyewe. Studio inatengeneza kipindi, inakiuza kwa kituo cha televisheni cha kampuni mama kwa bei ya kutupwa, na wenye asilimia wanagawana hiyo bei ya kutupwa. Kampuni ya Uingereza, Celador, iliishtaki Disney kuhusu kipindi cha maswali cha Who Wants to Be a Millionaire, na mwaka 2010 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likaipa dola milioni 269. Mwaka 2019 msuluhishi aliiamuru Fox iwalipe wenye asilimia za kipindi cha Bones, wakiwemo waigizaji wake wakuu wawili, milioni 179, sehemu ya madai ikiwa kwamba kipindi kiliuzwa kwa bei ya chini kwa Hulu, huduma ya kutazama mtandaoni ambayo Fox ilikuwa na hisa ndani yake. Jaji akafuta milioni 128 zilizokuwa za adhabu, na pande zote zikamalizana nje ya mahakama. Filamu nazo huuzwa kwa televisheni kwa mafungu: kumi kwa bei moja, halafu bei inagawanywa sawa kwa sawa. Filamu iliyobeba fungu zima inahesabiwa sawa na ile isiyotazamwa na mtu.

Sasa, cha kufanya. Omba kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukihesabu bila kuona vitabu vya studio. Bora kuliko vyote kwa mtu wa nafasi yako ni bonasi za mauzo ya tiketi: kiasi fulani mauzo ya Marekani yakifika mara mbili ya bajeti, kiasi kingine yakifika mara mbili na nusu. Bajeti itajwe kwa tarakimu, maana "bajeti" bila tarakimu huvimba. Chombo kitakachotumika kuthibitisha mauzo kitajwe jina, na siku za kulipa ziandikwe, tuseme 30 baada ya kufikia kiwango. Studio hukubali bonasi kwa urahisi kuliko asilimia, kwa sababu wanajua watalipa filamu ikifanya vizuri tu.

Wakishikilia asilimia, basi uliza asilimia za nini. Asilimia 5 ya faida yote na asilimia 5 ya fungu la mtayarishaji ni vitu viwili. Mtayarishaji kwa kawaida hugawana nusu na studio, kwa hiyo ya pili ni 2.5 ya faida yote. Sentensi hiyo huwa imejificha katikati ya aya ndefu. Halafu kiambatisho kipiganiwe kipengele kwa kipengele: ada ya usambazaji iwe na kikomo, na mapato ya nje yahesabiwe pale yanapopatikana, la sivyo tawi lao la nje litakata ada yake kisha studio ikate nyingine. Asilimia 10 ya matangazo ifutwe. Riba isitozwe juu ya gharama za ofisi wala juu ya malipo ya nyota. Video ihesabiwe kwa zaidi ya asilimia 20. Mauzo kwa kampuni dada yafanywe kwa bei ambayo mtu baki angelipa. Filamu yako isifungwe pamoja na nyingine, hasara ya moja ikala faida ya nyingine. Hutapata yote, ukipata tafsiri ileile ya faida aliyopewa mtayarishaji, umeshafanya kazi nzuri, kwa sababu wakili wake amekupigania bure.

Kitu kingine ambacho mawakala wavivu hukisahau: angalia anayesaini. Mara nyingi si studio, ni kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya filamu hiyo moja, isiyo na mali, ambayo baada ya miaka michache ni jina tu. Studio iandike kwamba inabeba madeni ya kampuni hiyo kwako.

Malipo ya marudio, yale ya filamu kuonyeshwa tena kwenye televisheni na kwingineko, ni habari tofauti, usiyachanganye na hizi asilimia. Hayo yanatokana na mkataba wa chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, na hukatwa kwenye mapato ya msambazaji, si kwenye faida. Ndiyo maana yanafika hata filamu "ikipata hasara". Hakikisha tu kazi yako inafanywa chini ya mkataba wa chama.

Haki ya ukaguzi iwemo, lakini ujue ilivyo. Ukipokea taarifa ya hesabu unakuwa na muda maalumu wa kuipinga, mara nyingi miezi 24. Ukipita, taarifa inakuwa imekubaliwa hata kama ina makosa ya wazi. Omba miezi 36. Mkaguzi unamlipa mwenyewe, anasubiri foleni ya wakaguzi wengine, na mara nyingi haruhusiwi kuona vitabu vya kampuni dada. Anayepata kitu huwa ni yule aliyepinga kwa maandishi, mstari kwa mstari, ndani ya muda. Mengi huishia kwenye mapatano.

Na kama kuna uwezekano filamu ikapelekwa moja kwa moja kwenye mtandao, bonasi zako za tiketi zitayeyuka. Scarlett Johansson aliishtaki Disney Julai 2021 kwa sababu filamu ya Black Widow ilitolewa kwenye Disney+, huduma ya Disney ya mtandaoni, siku ileile ilipoingia kumbini, na malipo yake yalitegemea tiketi. Walipatana Septemba mwaka huohuo. Wewe andika: filamu ionyeshwe kumbini pekee kwa siku kadhaa zinazotajwa, na wakibadili, bonasi zilipwe kana kwamba viwango vimefikiwa, au malipo ya mkupuo yaongezwe kwa kiasi kinachojulikana leo.

Nitumie kiambatisho chote, si muhtasari wa wakala. Nianze na ukurasa wa mapato ghafi na ule wa riba. Mwambie asijibu ofa hiyo kabla hatujaongea, na kama studio inadai jibu la haraka, ajibu kuhusu mshahara na tarehe tu, suala la asilimia aliache wazi.

Wasalimie nyumbani.

Wako akupendaye,
Salma