Kaka, ulilisema kwa Kijapani

Shikamoo kaka.

Ujumbe wako wa pole nimeupata, asante. Arobaini ya huku Japani ni siku ya arobaini na tisa, na ya mama mkwe inaangukia wiki ijayo. Ukija, njoo kwa basi.

Nakumbuka ulivyonileta Hitoyoshi harusini kwa treni ya moshi, injini ya mwaka 1922, Mto Kuma ukitukimbilia dirishani. Ulipoliona lile banda la injini la mawe, la 1911, ulilipapasa ukuta ukasema laiti babu angeliona. Babu na reli yake ya Tanga! Siku ile hukusema mji huu umekwisha.

Ulisema Julai 2020, baada ya mafuriko. Sikatai, ulikuja na maji ya kunywa, ukabeba tatami na mume wangu, na mikeka ile ikishanywa tope inavunja mgongo. Nilijiona nina ndugu. Lakini mama mkwe alikuwa amechuchumaa uani, anasuuza bakuli za wali mojamoja kwenye ndoo, nawe ukasimama pale pale ukaniambia: mji umekwisha, chukua watoto mrudi kwetu. Kwa Kijapani! Kiswahili kilikuwa kimekuishia? Bakuli likamganda mkononi. Hakuinua uso.

Mtu aliyefurikiwa, kaka, msaidie kwanza kutoa tope, ya kuhama mwachie mwenyewe. Mimi sikubaki kwa ukaidi. Mpunga tuliokuwa tumeupandikiza Juni ulikuwa umelala chini ya mchanga, na yule mama asingeweza kuukwangua peke yake. Simu zako sikupokea kwa sababu nilikuwa shambani. Basi, nyingine sikupokea kwa hasira.

Ni kweli, madaraja yalisombwa na treni ya kutoka Yatsushiro haijafika hapa tena. Injini yetu ilistaafu Machi 2024, sasa imesimama mbele ya stesheni. Lakini mwaka jana, 2025, walikubaliana kuijenga reli upya, lengo 2033. Mchele wetu wa msimu uliopita nimekuwekea gunia.

Siku ile uliondoka umenuna, ukayaacha mezani matonge ya wali aliyokufinyangia mama mkwe kwa mchele wa kuomba kwa jirani. Hata hospitalini aliniuliza: kaka yako alikula njiani?

Nilimwambia ulikula.