Siku ya kutazama ndege Cairns ipangwe kwa maji, si kwa alfajiri

Mhariri,

Wasomaji wenu wanaokwenda Australia kuwatembelea watoto na wajukuu, wakifika Cairns huambiwa kwamba anayetaka kuona ndege adamke alfajiri. Msituni ni sawa. Kwa ndege wa matopeni walio mbele ya barabara ya Esplanade, ushauri huo unaweza kuiharibu siku nzima. Pale kinachoamua ni kujaa na kupwa kwa maji.

Maji yakipwa, ndege huyafuata mbali, na hata kwa darubini nzuri utaona vitone vya kijivu tu. Yakijaa kabisa, hasa wakati wa bamvua (siku maji ya bahari yanapojaa sana), hawana pa kusimama, huruka kwenda kupumzika kwingine. Nafasi yenyewe ni kama saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa, yanapowasogeza karibu na njia ya wapita kwa miguu. Siku za maji mafu (yasiyojaa sana) huenda wakakaa zaidi, maana tope halifunikwi lote.

Basi someni jedwali la maji kujaa na kupwa la Cairns kabla ya kuahidiana chakula na jamaa. Tafuteni siku ambayo maji yanajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Ufuo ule unaelekea mashariki: asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anaonekana mweusi, jioni liko mgongoni, rangi zinajitokeza. Jamaa wanaotoka Sydney au Melbourne wakumbuke kuwa Queensland, jimbo la Cairns, haisogezi saa mbele. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili saa za kwao zinatangulia kwa saa moja, nayo ni nusu ya nafasi yote.

Msimu ni Septemba hadi Machi. Bora zaidi ni kabla ya Desemba, mvua kubwa na joto havijaanza.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42) inatosha. Ya 10 hukuza zaidi, lakini hukuza na mtetemo wa mikono, na mzee au mtoto huchoka haraka. Kila anayeipokea airekebishe upya: atazame kwa jicho la kushoto akizungusha gurudumu la katikati, kisha kwa la kulia akizungusha pete iliyo upande huo. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho, yaani kingo za pale unapowekea macho. Familia nyingi huruka hatua hii, halafu bibi anasema haoni kitu.

Anzeni na mwari, ndege mkubwa wa mdomo wenye mfuko, hata mtoto mdogo hamkosi. Kisha sululu mkubwa, Numenius madagascariensis, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Limosa lapponica ana mdomo uliopinda juu kidogo. Mmoja wa aina hii mwaka 2022 aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Ndege mdogo Calidris ruficollis ana uzito wa gramu 30 hivi, naye huzaliana Siberia.

Ndiyo maana tunasisitiza watoto wasiwakimbize. Kila mruko wa hofu unaunguza mafuta wanayoyahitaji kwa safari ya kurudi kaskazini ya Machi na Aprili. Wala mtu asishuke topeni kupiga picha: mamba wa maji ya chumvi wamo katika maji ya Cairns.

Na viatu vya matembezi vyenye udongo vioshwe kabla ya safari, kisha vitajwe kwenye fomu ya kuingia nchini. Wakaguzi wa uwanjani huviangalia mpaka kwenye nyayo.

Waangalizi wa ndege,
Cairns, Queensland